Mheshimiwa Aliyetaka Tufungwe

Mara ya kwanza Mheshimiwa kuniita adui wa Ituri, mkoa wetu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu baba yangu, ndani ya nyumba yetu, anakunywa chai aliyoipika mama. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga. Alikuja na kidumu cha maziwa, akampa mama pole, akasali sala ndefu iliyowatuliza hata wadogo zangu, kisha akanigeukia na kuniuliza kama ni kweli nimepata kazi kwenye shirika la haki za binadamu. Nikasema ni kweli.

"Basi weye sasa uko adui ya Ituri," alisema, bila kupandisha sauti. "Mama, uniongezee sukari kidogo."

Mama, aliyekuwa ameshika kopo la sukari, alisimama palepale asijue amimine au arudishe. Mheshimiwa alikoroga chai yake, akaimaliza, akaniwekea mkono kichwani kunibariki, akaenda zake kwa miguu. Nyumba yake ilikuwa ya nne kutoka kwetu. Miaka yote iliyofuata tuliishi hivyo: yeye akitaka ofisi yetu ifungwe, mimi nikipita uani kwake asubuhi kuchukua maziwa ya ng'ombe wake kwa ajili ya mama.

Alikuwa mbunge, na hata kipindi chake kilipomalizika watu wa Bunia waliendelea kumwita Onorable, kama Wakongo tunavyowaita wabunge wetu. Alivaa suti moja ya rangi ya kahawia iliyopauka mabegani, na viatu ambavyo alivivua kila alipoanza kuongea jambo la maana, hata mbele ya wageni. Alikuwa na Kiswahili cha aina mbili. Redioni alizungumza Kiswahili cha Biblia, kilichonyooka, kila neno na mahali pake. Nyumbani, mbele ya ng'ombe na wajukuu, alizungumza kile chetu cha sokoni. Ukimsikiliza redioni saa sita mchana kisha ukapita kwake saa tisa, ungedhani ni watu wawili.

Vita vilikuwa vimekwisha kwa namna vinavyokwishaga kwetu. Mjini bunduki zilinyamaza, maduka ya boulevard, barabara yetu kuu, yakafunguliwa, lakini kila mtu alijua ni njia ipi isiyofaa kupitwa na kabila gani. Mashirika yalichipuka na vibao vyao kila kona. Sisi tulikuwa watu sita, vyumba viwili na meza tatu. Tuliandika nani alifanya nini, wapi, kwa nani, na nani yuko kasho, mahabusu, bila kesi. Mheshimiwa alituita watu wa rapore, yaani wa ripoti.

Neno lake la kila siku lilikuwa: "Batu balale kwanza." Watu walale kwanza. Alimaanisha kwamba amani ije mbele, na mengine yote, mahakama, sheria mpya, maswali yetu, yangoje. Aliamini katika machifu, katika kanisa, katika baba kuwa baba. Aliamini kwamba mzungu akikuletea semina ya siku tatu ndani ya hoteli, kuna kitu anakuja kuchukua. Siku moja nilibishana naye uani, nimeshika kidumu changu.

"Bila haki watu watarudi kupigana, Papa," nilisema, nikimwita baba kama tunavyowaita wazee wetu.

Akavua viatu. "Mutoto ya Butembo, unisikie." Aliniita hivyo kwa sababu wazazi wangu walitoka huko kuja Bunia kuuza vitambaa kabla sijazaliwa. "Munaandika mutu fulani aliua mutu fulani. Muzuri. Kesho mutoto ya ule mwenye alikufa atasoma. Kisha? Munamupa nini? Karatasi?"

Ndugu zake wawili walikufa vitani, na kwa miaka yote niliyomjua sikumsikia akitaja jina la hata mmoja.

Kilichonishtua zaidi kwake ni kwamba hakuwa mwongo. Wanasiasa wengine waliotuchukia walisema ripoti zetu ni za kubuni, na hawakuwa wamezisoma. Yeye alizisoma zote. Tulipotoa ripoti juu ya mashambulizi katika eneo lake mwenyewe, eneo lililompigia kura, tulingoja radi. Baada ya siku nne nakala ilirudi ofisini ndani ya bahasha kubwa. Alikuwa amesahihisha kwa kalamu ya biki nyekundu, ukurasa kwa ukurasa. Alisahihisha Kifaransa chetu, akaweka nukta na alama zilizokosekana, akarekebisha jina la kijito tulichokiandika vibaya. Kwenye orodha ya waliouawa na watu wa upande wake, chini ya jina la mwisho, alikuwa ameongeza jina lingine kwa mkono. La mwanamke. Pembeni aliandika: "Huyu pia. Mulimusahau."

Mchunguzi wetu alichukua pikipiki akaenda kuhakikisha. Ilikuwa kweli.

Jioni hiyohiyo Mheshimiwa alikuwa redioni, kwa Kiswahili chake cha Biblia, akiiomba serikali ilifunge shirika letu kwa kuwa linachimbua makaburi kabla udongo haujakauka. Niliizima redio. Asubuhi nilikwenda kuchukua maziwa, nikamuuliza kwa nini ametuongezea jina ikiwa hataki tuandike.

"Kama munaandika, muandike yote," alisema. "Lakini musiandike."

Wengine waliomsikiliza redioni hawakuwa na subira yake. Mchana mmoja, baada ya hotuba yake, kundi la watu kama thelathini lilikuja ofisini kwetu na mawe. Walikuwa wameshang'oa kibao chetu na kukikanyaga, na mratibu wetu alikuwa chini ya meza akipiga simu ambazo hazikupokelewa, tuliposikia kelele zinapungua. Nilichungulia dirishani. Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni petu, mgongo wake kwetu, kofia mkononi, anahema. Alikuwa amekuja mbio, mzee yule, kutoka upande wa pili wa soko.

"Nilisema ifungwe na sheria," aliwaambia. "Nani alisikia mi nasema ivunjwe? Mwenye alisikia anyanyue mukono."

Hakuna aliyenyanyua.

"Basi murudishe kibao."

Wakakirudisha, kimekunjika. Wakaondoka mmojammoja, wakinung'unika. Mratibu alitoka chini ya meza akiwa tayari kumkumbatia, lakini Mheshimiwa aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa barua iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa nakala ya ombi lake kwa wakubwa wa mji kwamba tufungwe. Alikuwa njiani kutuletea alipoona watu.

"Munisainie hapa kama mumeipokea," alisema.

Nikasaini. 

Nisimpake mafuta. Alifanya mambo ambayo mpaka leo yananiuma. Alikuja kwetu mjane mmoja kutoka Kpandroma, amebeba ndani ya mfuko wa plastiki cheti chake cha ndoa ya kanisani na picha ya mumewe. Mashemeji walikuwa wamemfukuza shambani. Sheria ilikuwa upande wake, na tulidhani ni kesi rahisi. Lakini Mheshimiwa alilishika jambo lile kama mfano. Kwenye mkutano ndani ya ukumbi wa parokia, machifu wamekaa mbele, alisema kwamba shamba likianza kutoka mikononi mwa ukoo, vita vitarudi kupitia jikoni. Watu walipiga makofi. Mjane alisimama nyuma kabisa.

"Onorable," alisema, "bwana yangu alikupigia kura."

"Najua, mama," Mheshimiwa akajibu, kisha akaendelea na hotuba yake pale alipoishia.

Shamba lilipotea. Yule mama aliishia kubeba magunia ya wengine sokoni Bunia, na nilipokutana naye niliinamisha macho. Na katika mwezi uleule, binti mkubwa wa Mheshimiwa aliachwa na mumewe, na baba yake akamjengea nyumba ya matofali nyuma ya zizi, akaandikisha kiwanja kwa jina la binti mwenyewe. Nilimkabili na hilo.

"Ile ni mambo ya baba na mutoto yake," alisema. "Sikuiweka mu sheria."

"Na mama wa Kpandroma hakuwa mtoto wa mtu?"

Aliniambia maziwa yatachacha juani, niende.

Kuanguka kwake kulitoka kwa watu wa chama chake. Kipindi chake bungeni kilikuwa kimekwisha, hana tena kinga, na kwenye mkutano wa ndani alimwambia mkubwa mmoja, mbele ya wote, kwamba anawadanganya watu wa Ituri. Baada ya siku tatu walikuja watu wa usalama wakamchukua. Wale waliokuwa wakimpigia makofi hawakuonekana. Mkewe alisimama mlangoni kwetu na kitenge kimoja begani, akamwambia mama: "Wamemupeleka, hata viatu hawakumuacha avae."

Ofisini mratibu wetu hakuficha furaha. "Sasa atatuita," alisema. "Sasa atajua kazi yetu." Alinituma na fishi, ile karatasi tunayojaza kwa kila anayefungwa bila kesi, ili Mheshimiwa asaini na sisi tutoe tangazo kubwa. Nami, nisidanganye, nilikuwa na kiu hiyohiyo. Niliharakisha kwenda.

Kasho ilikuwa chumba kimoja cha saruji, dirisha la ukubwa wa kiganja, watu kumi na kitu. Mheshimiwa alikaa kwenye kipande cha mkeka, miguu mitupu, ndevu zimeota nyeupe. Kando yake, kwenye mkeka uleule, alikaa mtu mwembamba wa makamo.

"Sitasaini," aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Mi nilisema nyiye mufungwe. Siwezi kuja leo kuwaomba."

"Papa, hii ni haki yako."

"Nimesema apana. Leta ile karatasi, lakini uandike huyu."

Akamwonyesha yule mtu mwembamba. Nikauliza ni nani. Alikuwa mkulima wa maharagwe, kutoka kijiji kimoja nyuma ya Komanda. Yuko pale mwaka wa tatu, hajawahi kuonana na hakimu, hana faili. Siku ya kwanza Mheshimiwa alipoletwa, huyu ndiye aliyemwachia nusu ya mkeka wake.

"Unajua sababu ya kufungwa kwake?" nilimuuliza Mheshimiwa.

"Jana asubuhi waliita majina," alisema. "Nikasikia yake. Nikaijua. Niliandika mimi."

Sikumwelewa.

"Ile mwaka bunduki zilikuwa zinapita Komanda. Niliandika barua kwa usalama. Majina kumi na moja. Niliambiwa na watu ya kanisa na ya soko. Nikaandika, nikapeleka, nikasahau." Alionyesha kwa kidevu upande wa nyumbani. "Nakala iko kwangu, kwa kabati, na karbon. Bibi atakupa."

Yule mkulima alikuwa anatusikiliza. Hakuwa mbali, goti lake liligusa goti la Mheshimiwa. Mheshimiwa alimgeukia.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni mimi."

Mkulima alimtazama kwa muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ulikuwa unanijua?" aliuliza.

"Apana. Sikukujua."

"Ulikuwa umeniona, hata siku moja?"

"Apana."

Mkulima alisimama. Taratibu, bila kumsukuma, alivuta mkeka kutoka chini ya Mheshimiwa, akaukunja, akaenda kuutandaza ukuta wa pili. Mheshimiwa alibaki juu ya saruji. Alinyoosha mikono kwenye magoti, akaniambia: "Andika." Akanitajia ushahidi dhidi yake mwenyewe, pamoja na waliompa yale majina, neno kwa neno, kwa Kiswahili cha redioni, kilichonyooka. Niliandika, na machozi yakilowesha fishi. Mwishoni alisaini.

Nilirudi ofisini. Nilitaka jina la mkulima lipitishwe kwenye kabati letu, maana tulikuwa na desturi ya kutafuta kama kuna malalamiko ya zamani. Nilitafuta kwenye faili za kesi, sikukuta kitu. Nikatafuta kwenye faili lingine la chini, lililoandikwa "Ya kuhakikisha." Lilikuwa nene. Karibu na mwisho niliikuta fishi yenye jina lake. Mlalamikaji: mke wake. Alikuja kwa miguu kutoka Komanda kusema mumewe amechukuliwa shambani, hana bunduki, hajawahi kuwa nayo. Chini kulikuwa na kidole gumba chake kwa wino. Na mwandiko ulikuwa wangu.

Nilikaa chini. Sikuukumbuka uso wa yule mama. Nilikumbuka mkutano wetu tu. Ilikuwa msimu ambao Mheshimiwa alipeleka lile ombi kwamba tufungwe, na mratibu alisema tusiguse kwa muda mtu yeyote anayeshukiwa kwa bunduki, wasije wakapata kisingizio. Tulikubaliana wote sita. Nilinyanyua mkono mimi pia. Kisha nikaichukua ile karatasi na kuiweka mahali ambapo hakuna aliyeitafuta tena.

Nilimpelekea mratibu. Aliisoma, akairudisha kifudifudi.

"Hii haitoki," alisema.

"Yeye ametoa yake."

"Yeye ni mwanasiasa, amezoea kutukanwa. Siye tukianguka, nani atabaki kuwatetea watu? Tutoe ya Onorable. Huyu mtu atatoka kasho. Si ndiyo unataka?"

Tukatoa ya Mheshimiwa. Bunia nzima ilishtuka. Watu wake walimwita msaliti, machifu hawakumpa tena kiti, na mmoja wa wale aliowataja kama watoa habari alipita mbele ya nyumba yake akatema mate. Sisi tulisifiwa. Mkulima aliachiliwa baada ya wiki chache, na Mheshimiwa baada yake, kimya, bila kesi, kama alivyoingia. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia kila asubuhi kwamba nitasema, na nikazoea kujiambia.

Miaka ilipita. Mama alikufa, nikaacha ile kazi, nikaanza kufundisha. Siku moja nilikuwa narudi Bunia kutoka Butembo, na gari letu likasimama Komanda kungoja abiria. Nilishuka ninyooshe miguu. Kwenye benchi la mama mmoja muuza chai, amekaa peke yake kati ya malori, nilimkuta Mheshimiwa. Alikuwa amezeeka kwa kasi. Fimbo, shingo nyembamba ndani ya kola.

"Mutoto ya Butembo," alisema. "Bado munaandika?"

"Niliacha, Papa."

"Muzuri. Wangefunga ile biro zamani." Hakucheka. Bado aliamini ofisi yetu ilistahili kufungwa.

Nilimuuliza anafanya nini Komanda. Akaniambia ametoka kwa yule mtu. Alisema hivyo tu, yule mtu, nami nikajua.

"Mara ya kwanza alinifukuza. Ya pili, alinifukuza. Leo alinitolea kiti, nikakaa inje. Lakini hakutoka mu nyumba." Alipuliza chai yake. "Nilikaa saa mbili, nikaaga, nikatoka."

Hapo ndipo neno liliponitoka bila kulipanga. Nilimwambia juu ya fishi, kidole gumba cha mke, faili la chini, mikono sita iliyonyanyuka. Nilimwambia kila kitu nimesimama, kama mwanafunzi.

Sikuwahi kumwona Mheshimiwa akishtuka. Redioni, kasho, mbele ya mawe, hakuwahi. Sasa kikombe kilimtikisika hadi chai ikamwagika kwenye suruali, na hakuifuta.

"Mulikuwa nayo?"

"Tulikuwa nayo."

"Ile wakati wote?"

"Ndiyo, Papa."

"Juu ya nini hukukuja kwangu? Ulikuwa unapita kwangu kila asubuhi na kidumu yako. Ungeniambia, ningetoa lile jina siku ileile."

"Nilikuogopa," nilisema. "Wote tulikuogopa."

Alifumba macho. Malori yalipiga honi, dereva wetu akaniita. Mheshimiwa alipofumbua macho aliuliza kitu kimoja tu.

"Yeye anajua?"

"Hapana."

Hakunipa baraka, hakunipa mkono. Alisimama kwa tabu, akamwonyesha kwa fimbo mwenye piki aliyekuwa amemleta kutoka kwa mkulima. "Ule anajua njia," alisema. Kisha akavuka barabara polepole hadi kwenye gari letu, akaingia, akakaa kwenye nafasi yangu, akafunga mlango. Nilimwona kwa upande tu wakati gari linaondoka. Hakugeuka.

Nilipanda ile piki. Njia haikuwa ndefu. Nilimkuta mwanamke uani anaanika maharagwe juu ya turubai. Kwenye kivuli cha nyumba kulikuwa na kiti kimoja kitupu, kimeelekea mlango uliofungwa. Alinyanyua kichwa, akanitazama usoni, na kabla sijataja jina langu akasema: "Ni weye mwenye uliniandikaka."

"Ni mimi, mama."

Hakuniuliza kitu. Alijipangusa mikono kwenye kitenge, akagonga mlango kwa kiganja.

"Toka," alimwambia mumewe. "Ule mwingine naye amekuya."